Kura zinapigwa, demokrasia inapungua: jibu kwa mwalimu wa Kyela

Mwalimu wa somo la Uraia kutoka Kyela ameniandikia hivi: "Kidato cha tatu wamenibana. Nimewafundisha kwamba demokrasia ni wananchi kuchagua viongozi wao kwa kura. Mmoja akanyoosha mkono: kama karibu kila nchi inapiga kura, mbona redioni wanasema demokrasia inashuka? Inashukaje na watu wanapiga kura? Na ikishashuka, kuna nchi iliyowahi kuipandisha tena? Nilikosa mifano. Naomba unisaidie, na usinipe nadharia."

Pole kwa kubanwa, Mwalimu, na hongera kwa darasa linalobana. Nadharia nitakupa sentensi chache tu, kisha twende kwenye nchi.

Kupiga kura ni kazi ya siku moja. Kabla ya siku hiyo kuna watu wanaoamua nani aruhusiwe kugombea. Jioni ya siku hiyo kuna watu wanaohesabu na kujumlisha. Baadaye kuna watu wanaoamua ugomvi wa matokeo. Mtawala aliyekwisha kuwaweka mfukoni watu hao hana haja ya kufuta uchaguzi. Uchaguzi unamfaa, kwa sababu unampa uhalali ambao bunduki haimpi. Ndiyo maana siku hizi mapinduzi ya kijeshi si njia pekee ya kuua demokrasia, na wala si ile ya kutisha zaidi, kwa kuwa mapinduzi angalau kila mtu anayaona.

Tuanze na Benin, maana huko kazi ilifanyika karibu yote kwa makaratasi. Benin haikuwa nchi ya kubahatisha. Mwaka 1990 ilifanya mkutano wa taifa uliomaliza utawala wa chama kimoja. Mwaka uliofuata Mathieu Kérékou, aliyeshika nchi tangu mapinduzi ya 1972, alishindwa kwenye kura na akakabidhi madaraka kwa Nicéphore Soglo. Mwaka 1996 Kérékou akamshinda Soglo, naye Soglo akaondoka. Kwa robo karne Benin ilitajwa kila penye mjadala wa demokrasia ya Afrika. Mwaka 2016 akachaguliwa Patrice Talon, tajiri wa pamba.

Hakuna katiba iliyochanwa. Zilikuja sheria mpya za vyama na za uchaguzi. Kila chama kikatakiwa kupata hati ya kuthibitisha kwamba kimekidhi sheria mpya, na dhamana ya orodha ya wagombea ubunge ikapandishwa hadi faranga milioni 249. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: nchi ndogo ilikuwa na vyama zaidi ya 200, vingine vya mtu na mkewe, na kuna aliyetaka vipungue. Lakini ilipofika Aprili 2019, vilivyoruhusiwa kuweka wagombea vilikuwa vyama viwili tu, vyote vya upande wa rais. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 27 hivi. Viti vyote 83 vikabaki upande mmoja.

Hapo ndipo waambie wanafunzi wako wafungue macho, kwa sababu hatua ya pili ilijengwa juu ya ya kwanza. Lilikuwepo sharti jipya: anayetaka urais adhaminiwe na asilimia 10 ya wabunge na mameya, yaani watu 16 kati ya 160. Sharti kama hilo lipo Ufaransa na hakuna anayelalamika sana. Ila wabunge wa Benin wakati huo walikuwa wa nani? Na mameya karibu wote walikuwa wa nani? Mpinzani alitakiwa kuomba saini kwa watu wa mtu anayetaka kumng'oa. Uchaguzi wa Aprili 2021 ukafanyika kwa tarehe yake, masanduku yakawepo, kura zikahesabiwa, na Talon akapata asilimia 86. Sipati mfano mweupe kuliko huo wa kumjibu kijana wako: kura zilipigwa kweli, na demokrasia ilishuka kweli.

Hungaria walifanya jambo la aina hiyohiyo wakiwa na fedha nyingi zaidi na wanasheria wengi zaidi. Mwaka 2010 chama cha Fidesz cha Viktor Orbán na mshirika wake kilipata kura kidogo zaidi ya nusu, lakini mfumo wa uchaguzi ukawapa theluthi mbili ya viti. Theluthi mbili ndiyo idadi ya kubadili katiba. Wakaandika katiba mpya, ikaanza kutumika Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62, na majaji wazee zaidi ya 200 wakajikuta nje. Mahakama ya Ulaya ilisema mwishoni mwa 2012 kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria za Umoja, lakini nafasi nyingi zilikuwa zimekwisha kujazwa. Bunge likapunguzwa kutoka viti 386 hadi 199, na majimbo yakachorwa upya. Mwaka 2014 kundi hilohilo lilipata chini ya asilimia 45 ya kura, na bado likatoka na theluthi mbili ya viti. Mwaka 2018 vyombo vya habari zaidi ya 400, magazeti, redio na tovuti, vilikusanywa chini ya taasisi moja iliyoipenda serikali, na serikali ikatangaza kwamba muungano huo ni wa maslahi ya taifa ili mamlaka ya ushindani wa biashara isiuguse.

Umeona mtindo wenyewe. Kila hatua ina karatasi yake na muhuri wake. Kila hatua, ukiichukua peke yake, ina nchi nyingine inayoheshimika iliyo na sheria ya namna hiyo, na msemaji wa serikali atakutajia jina la nchi hiyo kabla hujamaliza swali. Mwananchi anayepinga anaonekana anagombana na umri wa kustaafu, au na kiasi cha dhamana, mambo yasiyomkosesha mtu usingizi. Bei ya unga inamkosesha usingizi. Kwa hiyo wengi hunyamaza, na siwalaumu.

Sasa nusu ya pili ya swali, na hapa huhitaji kwenda mbali. Ukitoka Kyela unavuka mto Songwe tu.

Malawi ilipiga kura tarehe 21 Mei 2019. Tume ikamtangaza Rais Peter Mutharika mshindi kwa asilimia 38 na nusu hivi, mbele ya Lazarus Chakwera aliyepata 35 na Saulos Chilima aliyepata 20. Tofauti ya wawili wa juu ilikuwa kama kura 159,000. Siku zilezile zikaanza kusambaa picha za fomu za matokeo zilizopakwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia makosa, na namba nyingine kuandikwa juu yake. Tume ikasema ni marekebisho ya kawaida ya makosa ya hesabu. Huenda mengine yalikuwa hivyo kweli. Karani aliyekesha usiku kucha kwenye taa ya betri anakosea. Lakini sheria ilikuwa imeweka utaratibu wa kurekebisha kosa, na Tipp-Ex haikuwa humo.

Chilima na Chakwera wakafungua shauri. Mahakama Kuu ikakaa kama mahakama ya katiba, majaji watano: Healey Potani, Ivy Kamanga, Redson Kapindu, Dingiswayo Madise na Mike Tembo. Shauri likasikilizwa kwa miezi, na redio zikalirusha moja kwa moja. Jambo hilo la redio wachambuzi wengi hulipita haraka. Mimi naliona kubwa. Mashahidi wa tume walipohojiwa na mawakili juu ya nani aliyebadilisha fomu na kwa idhini ya nani, alisikia kila mwenye redio, dereva wa basi dogo na muuza samaki wa ziwani. Ilipofika siku ya hukumu, nchi nzima ilikuwa imekwisha kusoma kitabu cha kesi kwa masikio.

Wakati huohuo watu walikuwa barabarani karibu kila wiki, wakiongozwa na muungano wa watetezi wa haki za binadamu chini ya Timothy Mtambo, wakimtaka mwenyekiti wa tume, Jane Ansah, ajiuzulu. Usiwafiche wanafunzi gharama yake. Oktoba 2019, eneo la Msundwe nje ya Lilongwe, askari polisi aliuawa kwa mawe, na baadaye wanawake wa huko wakasema walibakwa na polisi waliokuja kulipiza. Mahakama iliamuru walipwe fidia mwaka uliofuata. Mahali pengi jeshi ndilo lililosimama kati ya polisi na waandamanaji na kuwasindikiza. Mkuu wa majeshi, Vincent Nundwe, aliondolewa kazini na rais Machi 2020.

Kuna na jaribio la rushwa. Majaji walifikiwa na mtu aliyetaka hukumu iende upande wa serikali. Hawakunyamaza, waliripoti. Mwenye benki mmoja akashitakiwa, na mwaka 2021 akakutwa na hatia na kuhukumiwa miaka 9.

Tarehe 3 Februari 2020 majaji hao waliletwa mahakamani Lilongwe ndani ya magari ya kivita chini ya ulinzi wa jeshi, wakasoma kwa saa kama kumi hukumu yenye kurasa 500 hivi. Uchaguzi ukafutwa. Urudiwe ndani ya siku 150.

Watu wengi wanaikumbuka hukumu hiyo kwa kufuta uchaguzi. Kilichonivutia zaidi ni mambo mengine mawili yaliyokuwamo. La kwanza: mahakama ilisema neno "wengi" katika katiba maana yake ni zaidi ya nusu ya kura, si kuwazidi wengine tu kama ilivyozoeleka. Kwa hiyo mtu mwenye asilimia 38 hangeweza tena kuwa rais. La pili: iliitaka kamati ya bunge ichunguze kama makamishna wa tume wanaiweza kazi. Kamati ikachunguza, ikasema hawaiwezi. Rais akakataa kuwafukuza, akakataa pia kutia saini miswada mipya ya uchaguzi, lakini Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono hukumu tarehe 8 Mei, na mwezi huohuo Ansah akajiuzulu. Jaji Chifundo Kachale akateuliwa mwenyekiti mpya zikiwa zimebaki wiki mbili hivi.

Tarehe 23 Juni 2020 Malawi ikarudia uchaguzi, katikati ya korona, karibu bila waangalizi wa nje. Kanuni ya zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake kabla hata ya kura: Chakwera na Chilima, waliogombea kila mtu kivyake mwaka uliotangulia, walilazimika kuungana pamoja na vyama vingine. Chakwera akapata takriban asilimia 59 na kuapishwa tarehe 28.

Sasa linganisha na Kenya, maana Kenya ilitangulia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, majaji wanne dhidi ya wawili. Afrika haikuwa imeona jambo hilo: mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Watu walicheza barabarani Kisumu. Lakini uchaguzi wa marudio ulipofika tarehe 26 Oktoba, tume ilikuwa ileile. Kamishna mmoja, Roselyn Akombe, alikuwa amekimbilia Marekani na kujiuzulu, akisema uchaguzi huo hauwezi kuaminika. Raila Odinga alikuwa amejitoa. Siku moja kabla ya kura, ombi la kusimamisha uchaguzi lilishindwa kusikilizwa kwa sababu majaji waliofika mahakamani walikuwa wawili na akidi haikutimia; usiku wa kuamkia siku hiyo dereva wa naibu jaji mkuu alikuwa amepigwa risasi. Waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka asilimia 79 hivi mwezi Agosti hadi chini ya 40. Kenyatta akapata asilimia 98.

Mahakama mbili zilifanya kitendo kimoja, na matokeo yakatofautiana kiasi hicho. Wapo wanaosema ni ujasiri, kwamba majaji wa Malawi walikuwa na moyo zaidi. Sikubaliani nao. Ujasiri wa Maraga haukuwa na kasoro. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kenya ilifuta matokeo ikawaacha waliohesabu, na Malawi iliyafuta ikabadilisha pia waliohesabu na namna ya kushinda. Tofauti ya pili ni kwamba Malawi watu wa katikati walikataa kwa wakati mmoja: majaji, jeshi, wabunge wa kamati, redio, waandamanaji. Mkubwa akimbana mmoja, wengine walikuwa bado wamesimama. Juni 2020, siku chache kabla ya kura, serikali ilitangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo ya kusubiri kustaafu, mara moja. Mawakili wakaingia barabarani na majoho yao, mahakama ikazuia amri hiyo, na jaji mkuu akabaki.

Mwanafunzi wako mwerevu atauliza: watu hao wa katikati walitoka wapi? Swali zuri, kwa sababu hawakuota 2020. Machi 1992, Kamuzu Banda akiwa bado rais wa maisha, maaskofu wa Kikatoliki walitoa waraka wa kichungaji uliosomwa makanisani nchi nzima, ukisema wazi yale ambayo watu walinong'ona. Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Mwaka 2002 Rais Bakili Muluzi alitaka kuondoa ukomo wa mihula. Muswada ukaanguka bungeni kwa upungufu wa kura tatu. Kura tatu, Mwalimu. Wabunge watatu wangekubali bahasha, leo tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine. Julai 2011 watu wasiopungua 18 waliuawa kwenye maandamano dhidi ya Bingu wa Mutharika. Aprili 2012 Bingu alipofariki, mawaziri kadhaa walijaribu kumzuia makamu wa rais, Joyce Banda, asiapishwe kwa kuwa alikuwa amefukuzwa chamani; mkuu wa majeshi wa wakati huo, Henry Odillo, akasimama na katiba, na Banda akaapishwa. Kwa hiyo 2019 jeshi halikuwa linabuni tabia mpya. Lilikuwa na la kukumbuka.

Hili ndilo ningependa likae darasani kwako: kukataa hujengwa kwa miaka, mara nyingi na watu walioshindwa siku ile. Maaskofu wa 1992 walihojiwa na polisi. Ila kila aliyekataa alimwachia anayemfuata mfano wa kushika.

Lakini usiwape wanafunzi Malawi kama ngano yenye mwisho mtamu. Serikali ya Chakwera iliwachosha watu haraka. Baraza lake la kwanza la mawaziri lilikuwa na ndugu kwa ndugu na wanandoa. Mtambo, aliyeongoza maandamano, akawa waziri wa elimu ya uraia na umoja wa kitaifa. Siwezi kumlaumu mtu kwa kukubali kazi, lakini pima hasara: aliyekuwa akiisimamia serikali kutoka barabarani akawa anakaa nayo mezani. Demokrasia nyingi zilizofufuka zimeumia hapo, pale wanaharakati walio bora wanapopewa magari ya serikali na kiti chao nje kinabaki kitupu. Kisha kimbunga Freddy mwaka 2023, kwacha kushushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba mwaka huohuo, foleni za mafuta, bei za chakula. Chilima, aliyekuwa makamu wa rais, alikamatwa kwa tuhuma za rushwa, mashtaka yakaondolewa, na Juni 2024 akafariki katika ajali ya ndege.

Septemba 2025 Wamalawi wakapiga kura tena. Aliyeshinda, kwa karibu asilimia 57, ni Peter Mutharika, aliyekuwa na umri wa miaka 85, yuleyule ambaye uchaguzi wake wa 2019 ulifutwa. Chakwera alipata asilimia 33 hivi, akakubali kushindwa.

Kuna marafiki zangu waliosema: basi kazi yote ya 2020 ilikwenda na maji. Mimi nasoma kinyume kabisa. Mutharika wa 2019 aliwekwa na fomu zenye Tipp-Ex na asilimia 38. Mutharika wa 2025 aliwekwa na zaidi ya nusu ya wapiga kura chini ya kanuni iliyoletwa na hukumu iliyomwondoa. Majaji wa 2020 hawakupewa kazi ya kuchagua mtu mwema. Walipewa kazi ya kuhakikisha kwamba aliyeko Ikulu anaweza kutolewa, na Chakwera ametolewa.

Senegal nitaigusa tu. Februari 2024 Rais Macky Sall aliahirisha uchaguzi uliobakiza wiki tatu, na bunge likausogeza hadi Desemba baada ya wabunge wa upinzani kutolewa ukumbini na askari. Baraza la Katiba likasema haiwezekani. Uchaguzi ukafanyika Machi 24, na Bassirou Diomaye Faye, aliyetoka gerezani siku kumi kabla, akashinda raundi ya kwanza kwa asilimia 54. Huko nako barabara na mahakama zilikwenda pamoja, na kulikuwa na damu.

Poland ndiyo inayonisumbua, na kama una vipindi viwili, kimoja kipe Poland. Chama cha PiS (Sheria na Haki) kilitawala kuanzia 2015 na kikajaza watu wake kwenye mahakama ya katiba, kwenye baraza la kuteua majaji na kwenye televisheni ya taifa. Oktoba 2023 asilimia 74 ya wapiga kura walijitokeza, kiwango ambacho hakijafikiwa tangu ukomunisti uanguke. Mjini Wrocław kuna watu waliopanga mstari hadi usiku wa manane umepita. PiS kilipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, lakini wapinzani wakiwa pamoja walikuwa na viti 248 kati ya 460. Donald Tusk akaunda serikali.

Na hapo ugumu ukaanza. Rais alikuwa bado mtu wa upande wa zamani na alikuwa na kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia sheria. Majaji zaidi ya elfu mbili walikuwa wameteuliwa kwa utaratibu ambao mahakama za Ulaya zimeukosoa. Ukiwaondoa wote, kesi walizoamua utazifanyaje, talaka za watu na hati za viwanja? Televisheni ya taifa ilikuwa imelindwa na sheria iliyotungwa makusudi. Serikali mpya haikusubiri: Desemba 2023 waziri wa utamaduni alitumia sheria ya makampuni kufukuza uongozi wa televisheni, na hata baadhi ya wanasheria waliowachukia PiS wakasema njia hiyo ina kasoro. Ukifuata sheria zilizopindwa, hutatengeneza kitu. Ukiziruka, umemfundisha anayekuja baada yako kuruka. Juni 2025 Karol Nawrocki, aliyeungwa mkono na PiS, akashinda urais kwa chini ya asilimia 51, na kura ya turufu ikabaki palepale. Mimi naelekea upande wa wanaokwenda polepole, lakini naelewa wanaosema polepole ni anasa ya wasiofungwa.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama mwananchi wa kawaida ana la kufanya kabla mambo hayajafika mahakamani. Analo, na ni kazi isiyopendeza: uwakala. Kesi ya Malawi isingesimama bila nakala za fomu walizobaki nazo mawakala wa vyama vituoni. Wakala aliyekwenda kulala kabla ya fomu kusainiwa ameacha kesi bila ushahidi. Kenya walijifunza hilo kwa gharama: mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni fomu za vituo vyote, zaidi ya 46,000, mtu yeyote azipakue na kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne waliyakana matokeo ya mwisho, kesi ikaenda tena Mahakama ya Juu, lakini safari hii ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa nazo.

Ukitaka zoezi la darasani, tumia uchaguzi wa viranja. Raundi ya kwanza waache wagombee wanaotaka, wapige kura ya siri, wahesabu mbele ya wote. Raundi ya pili badilisha kanuni moja tu: kila mgombea adhaminiwe kwa saini na viranja watatu walioko madarakani. Kila kitu kingine kibaki vilevile, siri ya kura, kuhesabu hadharani, mawakala. Kisha mwite yule aliyenyoosha mkono asome matokeo ya raundi zote mbili.